Stika za Mweka Hazina

Kudai michango ya harusi kunataka uso mkavu, na wangu ni laini. Hata hivyo kila ukoo wetu unapopata bwana harusi, jina langu ndilo linalotajwa kwanza kwenye nafasi ya mweka hazina, labda kwa sababu sijawahi kupoteza daftari. Kwa asiyejua Dar es Salaam inavyoozesha watoto wake: mzigo haubebwi na wazazi peke yao. Kamati inaundwa, bajeti inasomwa, watu wanatamka ahadi zao mbele ya wenzao, na baada ya kikao cha kwanza karibu kila kitu kinahamia kwenye kundi la WhatsApp. Humo huwekwa namba ya kupokelea pesa. Humo husomwa orodha kila Jumapili jioni: aliyetoa ana tarakimu mbele ya jina lake, asiyetoa ana kistari. Wajumbe ni wengi na wengi wao hawafahamiani. Huyu alisoma na bwana harusi, yule ni jirani wa mama yake, mwingine alikuwa bosi wake zamani.

Kwa miaka mingi nilidai kwa maneno. "Ndugu wajumbe, habari za jioni. Kamati inapenda kuwakumbusha kwamba siku zimebaki chache." Ujumbe wa namna hiyo una adabu zote na hauna nguvu yoyote. Umeelekezwa kwa wote, basi haumgusi hata mmoja. Watu walisoma, tiki zikageuka bluu, wakauchuna. Ningemtaja mtu kwa jina, ningemwaibisha. Nisipomtaja, hajioni kama ndiye anayesemwa.

Aliyenitoa huko ni binti wa kaka yangu. "Shangazi, unaandika kama barua ya halmashauri," aliniambia. "Weka orodha yako, halafu chini yake weka hii." Akanitumia stika ya marehemu King Majuto, macho yamemtoka, mdomo nusu wazi, kama mtu aliyeletewa bili ya meza isiyo yake. Mimi ni mtu wa Tanga, na Mzee Majuto, jina lake kamili Amri Athumani, alikuwa wa kwetu. Uso ule niliujua kabla sijajua simu ya mkononi ni nini. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. WhatsApp walileta stika Oktoba ya mwaka huohuo. Mzee wa watu hakuwahi kujiona akidai michango.

Nikaweka orodha, nikambandika Majuto chini yake bila neno, nikaenda kupika. Niliporudi kundi lilikuwa limechangamka. Mmoja amecheka. Mwingine amejibu kwa stika ya mtu anayetimua mbio, kanzu ameikamata mkononi. Wa tatu, ambaye kistari chake kilikuwepo tangu kikao cha kwanza, ameandika, "Mzee acha kunitolea macho, natuma sasa hivi," na kweli alituma.

Nililifikiria sana jambo lile, maana siamini miujiza ya simu. Nadhani lililotokea ni hili: anayecheka amekiri kwamba ameona. Maneno yangu mtu aliweza kuyapita akajifanya hakuwa na bando. Picha ikishamchekesha mbele ya wenzake, amejitokeza mwenyewe na hana tena pa kujificha. Papo hapo picha hiyohiyo imemwachia mlango. Deni limegeuka utani, na anayelipa katikati ya utani haonekani ameshindwa, anaonekana mcheshi. Majuto hakusema "lipa". Neno hilo alilisema mdaiwa.

Haikudumu. Majuto wa Jumapili ya pili alipata vicheko vichache, na aliyefuata alipita kimya kama barua zangu za zamani. Wiki iliyofuata nikaweka orodha peke yake, bila stika. Haukupita muda mjumbe mmoja akauliza, "Leo mzee yuko wapi?" Mwingine akajibu, "Ameenda kukagua nani hajatoa." Usiku ule ziliingia pesa nyingi kuliko siku zote nilizombandika. Tangu hapo nimeamini kwamba meme, kama vijana wanavyoziita picha hizi, kazi yake haiko kwenye picha. Iko kwenye kile ambacho watu wote mmekwisha kukijua pamoja, kiasi kwamba kukosekana kwake nako kunasema.

Lakini kulikuwa na mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliyeahidi fungu kubwa kuliko vijana wote. Kistari chake kilikaa wiki baada ya wiki. Nilikuwa sijamgusa. Kijana mmoja mwenye haraka akaamua kunisaidia: akamtagi mzee kwenye orodha, akabandika stika ya mtu anayechungulia pochi isiyo na kitu. Dakika chache baadaye tukaona yale maandishi madogo ya kijivu kwamba mzee ameondoka kwenye kundi.

Nikapiga simu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko?" Tulizungumza habari za mvua, za wajukuu, za magoti yake. Nilijua asingefika haraka kwenye jambo lenyewe na sikumharakisha. Alipofika, alifika mwenyewe: malipo aliyokuwa akiyategemea yalikwama, na aliona haya kupunguza ahadi aliyoitamka kwa sauti mbele za watu. Tukaipunguza sisi wawili kwenye simu, nikabadilisha tarakimu kwenye daftari, na hakuna aliyeniuliza. Hapo ndipo nilipoona picha inaishia wapi. Ukimtumia mtu picha ya kuchekesha, unamlazimisha achague moja kati ya mawili, kucheka au kununa. Nafasi ya kueleza hakuna. Mwenye jambo zito la kueleza anaona bora aondoke.

Wengi kwenye kundi walisema stika ile ilikuwa mbaya. Mimi sikukubaliana nao. Stika ileile angemtumia binamu yake, wangecheka hadi kesho. Tatizo ni kwamba kijana hakuwa na utani na mzee yule. Sisi tumekulia kwenye nchi ambayo utani una wenyewe: Mpare na Mchagga, Mzaramo na Mnyamwezi, babu na mjukuu, mtu na shemeji yake. Mtani anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo, na ukinuna wewe ndiye mwenye tabia mbaya. Asiye mtani akifanya vilevile ni mwizi. Hakuna aliyeandika sheria hizo, ila kila mtoto alizijua, kwa sababu alijua aliyesimama mbele yake ni nani kwake. Kundi la WhatsApp limetuweka wote chumba kimoja na kutuvua alama hizo. Kuna jina tu na picha ya wasifu, mara nyingi picha ya ua.

Jambo hili nililiona wazi zaidi msibani. Mtaani kwetu tuna kundi la majirani. Alifariki mzee mmoja Mchagga, mtu wa watu, na taarifa ilipowekwa tukaanza kuandika pole zetu. Katikati ya pole hizo jirani mmoja Mpare akabandika wale wabeba jeneza wa Ghana wanaocheza. Nilishika kichwa. Mtoto mkubwa wa marehemu akajibu kabla yetu sote: "Leo umekuja kuhakikisha ameondoka kweli, si ndiyo? Njoo, jembe lako tumekuwekea." Watu wakacheka, na ungeweza kuhisi kundi zima limeshusha pumzi. Kwa wanaojua, Mpare yule alikuwa akifanya kazi yake. Kwenye misiba ya wazee wetu mtani huruhusiwa kumwigiza marehemu, hata kushuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Ndiye anayewakumbusha wafiwa kwamba kicheko hakijafa.

Kisha jirani mwingine, asiye Mpare wala chochote kwa familia ile, akaona kumbe leo inaruhusiwa. Akatuma wabeba jeneza walewale. Hakuna aliyejibu. Pole zikaendelea juu yake kana kwamba hakuandika. Picha moja, saa moja, kundi moja.

Wacheza jeneza wenyewe wana habari yao, na inafaa kuijua kabla ya kuwatumia. Kiongozi wao ni Benjamin Aidoo, na nchini Ghana familia huwalipa ili wamsindikize mpendwa wao kwa shangwe. BBC iliwaonyesha mwaka 2017. Mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya corona, watu wakawapachika, pamoja na muziki wa densi, mwishoni mwa video za watu wanaoanguka kutoka juu ya paa, na heshima waliyoifanyia maiti ikawa alama ya "huyu amekwisha". Aidoo aliichukua hali hiyo kwa akili, akaitumia kuwahimiza watu wakae nyumbani. Lakini kumbuka, kwa Waghana mchezo ule ni wa kuaga, kwa wengine wote ni wa kuzomea. Unapoibandika picha yao, hujui aliye upande wa pili anaona upi.

Nikifika hapa, wenzangu wa Tanga hunikatiza: "Si kanga hiyo? Mbona sisi tumeanza zamani?" Kuna ukweli. Kanga ina jina lake limechapwa chini, na mwanamke akipita mlangoni kwa mwenzake amejifunga ya kijembe, yeye hakusema kitu, imesema kanga. Ila aliyeivaa yumo ndani yake. Alikwenda dukani, akachagua, akalipa, akatembea nayo juani akionekana. Atakana akiulizwa, lakini umemwona. Picha ya simuni inafika bila mwili wa mtu, tena imetumwa na wa nne ambaye hajui ugomvi ulianza kwa nani. Alama ya "imetumwa mara nyingi" ni dalili ya kwamba hakuna aliyeivaa. WhatsApp walipobana Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo usiweze kutumwa kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja, walikuwa wanahangaika na uvumi wa corona, si na adabu. Hata hivyo mimi niliwashukuru kwa sababu zangu.

Sasa niwaambie utani ulionikosha, ingawa mimi ndiye niliyepigwa. Mimi ni shabiki wa Simba. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga mabao matano kwa moja pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, na siku mbili baadaye tukawa hatuna kocha. Kundi la harusi lililokuwa linaendelea wakati huo lilikuwa na Yanga wengi. Usiku ule sikufungua simu. Asubuhi nilikuta kitu kimoja tu, kimerudiwa na watu tofauti: kiganja kilicho wazi, vidole vitano.

Ilikuwa picha rahisi kuliko zote na hakuna iliyoishinda. Ingekuwa video ya dakika tatu yenye maelezo, nisingeitazama. Kiganja kilitosha, kwa sababu kila mtu alijua. Uzuri wake ni jinsi kilivyoanza kutoka nje ya mpira. Mtu akiuliza kikao saa ngapi, kiganja. Fundi nguo akiuliza mita ngapi za kitambaa, kiganja. Mjumbe mmoja wa Yanga alikuwa na ahadi ya shilingi 50,000. Akanitumia 10,000. Dakika chache baadaye 10,000 nyingine. Nikampigia kumuuliza kama mtandao unasumbua. "Hapana mama," akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "nataka uyahesabu vizuri." Alituma mara tano, akakubali kukatwa ada ya kutuma mara tano, ili tu simu yangu ilie mara tano. Mtu wa namna hiyo unamfanya nini? Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mboga ikaungua.

Wana Simba walijibu inavyopasa, kwa kumbukumbu: picha za Mei 2012, tulipowafunga watano bila, na kwa wazee wenye hazina ndefu zaidi, Julai 1977, sita bila. Aliyetafuta picha ya 1977 alipata heshima ya pande zote mbili. Watani wa jadi hawahitaji kuombana ruhusa. Wamekuwa nayo tangu kabla hatujazaliwa, na pigo lolote unalotoa leo unajua litarudi. Nadhani hiyo ndiyo sababu kiganja hakikumuumiza mtu. Kila aliyekiinua alijua zamu yake itafika.

Mtu asiyekuwa na zamu ndiye anayenitia wasiwasi. Tarehe 8 Agosti 2017, kwenye foleni ya kura mtaa wa Kayole jijini Nairobi, Martin Kamotho alipigwa picha akila githeri, yaani makande, kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Wakenya wakaikata sura yake, wakaibandika kila mahali, akaitwa Githeri Man. Zawadi zikamiminika, na Desemba Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani. Ilikuwa furaha ya kweli. Nchi ilikuwa na joto la uchaguzi na mtu anayekula kwa utulivu aliwapoza wote. Ila baadaye hata mapambano yake na pombe yakawa habari ya taifa zima, jambo ambalo mtu mwingine wa Kayole angelimaliza na familia yake. Mlinganishe na Osita Iheme wa Nigeria, yule Pawpaw. Ukoo wetu mzima unatumia sura yake ya mtoto mtundu kutoka filamu Aki na Ukwa ya mwaka 2002. Alipoicheza alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, mwigizaji aliyejua kamera iko wapi na anaifanyia nini. Sura ile ni kazi yake. Foleni ya kura haikuwa kazi ya Kamotho.

Kwenye kamati yetu moja mtu alimgeuza mjumbe aliyesinzia kikaoni, mdomo wazi, kuwa stika. Tulicheka, na yeye alicheka. Baadaye ikamrudia kutoka Mwanza, kwenye kundi la wafanyakazi wenzake, imeandikwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Aliomba ifutwe. Ifutwe wapi? Tangu hapo sura ninazotumia ni za watu wa jukwaani, na moja ya kwangu mwenyewe niliyopiga nikiwa nimeshika daftari kwa hasira ya kuigiza. Hiyo inadai vizuri kuliko Majuto.

Kuhusu wakubwa wa nchi nitasema kidogo, kwa sababu ni mada inayotaka mtu mwenye mwanasheria. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais Magufuli alipotimiza miaka 60, mchekeshaji Idris Sultan alibadilishanisha sura yake na ya Rais kwenye picha, akaiweka mtandaoni, akaishia polisi. Nilimwonea huruma, ila kama mtu wa utani nilielewa kilichotokea: wakubwa hawakukubali kwamba wana utani naye. Wakenya walipita njia nyingine. Walimpachika Rais Ruto jina la Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda mkuyu, na mwaka 2024 vijana wakamwambia ashuke, kwa picha, kwa nyimbo, kwa mabango, mpaka barabarani. Muswada wa fedha walioupinga uliwekwa kando tarehe 26 Juni, lakini baada ya watu kupoteza maisha. Utani ule haukuombewa ruhusa kwa mtu. Watu wengi wakitania pamoja wanaweza kujipa ruhusa. Mmoja akibaki peke yake na picha yake, gharama ni yake.

Kinachonisumbua siku hizi ni kidogo kuliko hayo, na kiko nyumbani. Alama zimeanza kuwa na maana mbili kulingana na umri. Kundini mwetu binti wa kaka yangu alijibu kichekesho kwa kutuma fuvu la kichwa. Kaka yangu mkubwa, aliye na miaka zaidi ya sabini na anayesoma kila ujumbe kwa miwani, akaandika: "Innalillahi. Nani amefariki?" Watu wawili wakaandika pole kabla hatujawazuia. Ikabidi aelezwe kwamba kwa vijana fuvu maana yake nimekufa kwa kicheko. Alifikiri kidogo, akaandika, "Basi ningekuwa mimi ningecheka nikabaki hai."

Nami nikapewa la kwangu. Nilikuwa nikijibu kila risiti ya mchango kwa dole gumba, nikidhani ni shukrani na heshima. Binti akaniambia vijana wanaona nimewakasirikia. Dole gumba kwao ni mlango uliofungwa usoni. Nilibisha. Nikauliza wengine wa rika lake, wote wakanithibitishia kwa aibu aibu, kama watu waliokuwa wakisubiri siku nyingi niulize.

Tukaafikiana hivi: kwenye kundi kubwa la ukoo, ambako kaka mkubwa yumo, fuvu ni marufuku. Wao wana kundi lao jingine wanakotuma wapendacho, na juzi wameniingiza humo. Sharti ni moja, nisitume dole gumba.